Pole ya Mbwa

Mbwa hana matanga. Akifa, watu husema "mbwa tu," kisha hurudi kwenye ugali wao. Hafsa, bibi mifugo wa Mazingara, aliisikia kauli hiyo masika yote kichaa cha mbwa kilipoingia, akawa anapita kitongoji kwa kitongoji na sindano ya kuwalaza wale walioambukizwa. Walale wasiamke.

Sasa kiangazi kimefika na siku ya chanjo imewadia. Asubuhi hiyo alikuwa uani ananawa. Maji, udongo, maji, maji tena. Mate ya mbwa ni najisi, na sheria ya dini ni kuosha mara saba, mara moja kwa udongo. Ila tangu juzi hakuwa amegusa mbwa yeyote.

Bibi yake, Mwantumu, alimtazama huku akipepeta mahindi.

"We mwana, unanawa au unajichuna?"

"Nanawa, bibi."

"Haya. Kitendawili!"

"Bibi, nitachelewa."

"Kitendawili!"

Hafsa akashusha pumzi. "Tega."

"Nimemfungia nje, nimemkuta kitandani."

"Mwizi. Paka. Mbu."

"Hujapata hata kidogo. Nipe mji."

"Chukua Korogwe."

Ndiyo desturi: ukishindwa unatoa mji, naye mtegaji anautembelea kwa maneno. Mwantumu akafumba macho. "Nimefika Korogwe. Nimeshuka stendi, nimemenyewa machungwa. Wakaniuliza, Hafsa wetu mbona hali? Mbona usiku anatembea ndani ya nyumba? Nikawaambia nitamuuliza mwenyewe."

Hafsa alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Huko huko Korogwe nakwenda, bibi. Nikimaliza leo namwambia bosi naacha kazi. Dada ana duka la vitenge."

"Kisa nini?"

"Mbwa tu," alijibu, akachota maji mengine.

Mwantumu hakumpa jibu la kitendawili. Alirudi kwenye ungo wake.

Uwanja wa shule ulijaa kamba, mibweko na vumbi. Hafsa alikaa kwenye kigoda, akachanja akitazama shingo tu. Macho ya mbwa alishaacha kuyatazama. Mara akasikia shanga zikilia, akainua uso. Mama Yuditha, yule mfugaji wa Kimasai, alisimama mbele yake na kitoto cha mbwa kwapani.

Hafsa akainamia sindano yake. Masika alimlaza mbwa wa mama huyu, mlinzi wa mbuzi zake, kisha akamwambia, "Pole mama, kwa ajili ya Popi." Yuditha akampa mgongo bila neno. Tangu hapo Hafsa alikuwa akizunguka porini ili asipite karibu na boma lile, akiamini amelaaniwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unanikimbia?"

"Ulinikasirikia."

"Ulimtaja jina, nikanyamaza. Kwetu aliyeondoka hatajwi."

"Hata mbwa?"

"Yule hakuwa mbwa tu." Yuditha akamwekea kibuyu cha maziwa mapajani. "Nimekuletea pole. Mimi nilifiwa na mmoja. Wewe umefiwa kila boma. Wewe nani alikupa pole?"

Hafsa akatafuta jibu, akapata machozi. Alilia palepale, sindano mkononi, mbele ya watu na mbwa wao.

"Mama, umemliza daktari!" Leboo, mwanawe Yuditha, alilalamika. "Sasa nani atachanja?"

"Subiri. Mbwa wako ana mkutano?"

Watu wakacheka. Hafsa naye akacheka na kamasi zake. Kitoto cha mbwa kikamlamba mkono, naye, kwa mara ya kwanza tangu masika, akakitazama machoni.

Jioni alimpigia simu bosi wake, Bwana Mathias.

"Naomba mapumziko, bosi. Na siku za kuwalaza, siendi tena peke yangu."

"Hafsa, si mbwa tu hao?"

"Si mbwa tu. Nipe mwenzangu, la sivyo nakwenda kuuza vitenge."

Bosi akakohoa. "Nitakuletea Bonaventura, mwende wawili. Nenda kapumzike, mwanangu. Pole."

Hafsa akanawa mate ya kile kitoto kama sheria inavyotaka, kisha akaacha, hakurudia.

"Bibi, kitendawili nimekipata. Huzuni."

"Eeh! Nawe umeifungia nje masika yote." Mwantumu akamsogezea sahani. "Haya, nakurudishia Korogwe yako. Kamsalimie dada, uniletee kitenge, halafu urudi."

Hafsa akamega ugali.