Watoto wa Boksi la Chaki

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mwalimu wa hisabati alipigilia karatasi ya manila ukutani kwa misumari minne midogo. Alikuwa ameichora mwenyewe nyumbani kwa rula: miraba kumi kwenda chini, kumi kwenda pembeni, jumla mia. Darasa la saba lilikuwa na wanafunzi mia moja kamili, waliobanana wanne wanne kwenye madawati ya watu wawili. Mwalimu mwingine angelia. Yeye aliona ni zana ya kufundishia iliyojileta yenyewe, na kwa ajili hiyo alikuwa na furaha kidogo asubuhi ile, furaha ambayo baadaye aliikumbuka kwa aibu.

Kila mwanafunzi alichora uso wake ndani ya mraba mmoja.

“Wewe ni sehemu moja ya mia,” mwalimu aliwaambia. “Ukitaka, wewe ni sifuri nukta sifuri moja. Ukitaka tena, wewe ni asilimia moja. Mtu ni yule yule, amebadilisha shati tu.”

Kisha wale waliofaulu mtihani wa majaribio walipaka miraba yao rangi ya kijani. Miraba sitini na miwili ilipakwa. Thelathini na minane ilibaki myeupe, na nyuso ndani yake zikiwa zinatabasamu kama zilivyochorwa.

“Haya. Tufanye nini ili sitini na mbili hii iwe asilimia mia?”

“Tusome kwa bidii,” alisema wa dawati la mbele, kama wa madawati ya mbele wanavyosema siku zote.

“Tutafute rangi nyingine ya kijani,” alisema mwingine, na darasa likacheka.

Kule nyuma kabisa ukanyooshwa mkono wa binti wa fundi mwashi. Wenzake walimwita Nukta, kwa sababu nukta ya desimali aliisahau kila mara, na akiikumbuka aliikandamiza kwa penseli mpaka karatasi inatoboka. Nukta hizo ndizo zilizomponza. Alikuwa amepata arobaini na nane, na kufaulu ni hamsini.

“Tuitoe ile miraba myeupe,” alisema Nukta.

“Na wewe si mweupe?” jirani yake alimuuliza.

“Ndiyo. Lakini hesabu si inatoka?”

Ilikuwa inatoka. Mwalimu aliandika ubaoni sitini na mbili juu, sitini na mbili chini, akaeleza kwamba sehemu hukua namba yake ya juu inapoongezeka, na vilevile hukua namba yake ya chini inapopungua. Kisha akatembea mpaka nyuma na kumwekea Nukta alama ya vema kwa wino mwekundu, kubwa, ya kwanza tangu muhula uanze. Alitaka mtoto afurahi, na mtoto alifurahi. Dirishani alikuwa amesimama mwalimu mkuu, aliyekuwa akipita tu. Alitoa kalamu mfukoni na kuandika kitu kwenye kiganja cha mkono.

Jumatatu iliyofuata, orodha ya watahiniwa wa mtihani wa mwisho ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi. Ilikuwa na majina sitini na mawili. Asubuhi hiyohiyo, wale thelathini na wanane wengine walifika shule wakiwa wamepungua mara mia.

Walikuja na wazazi wao, maana peke yao wangetembea siku tatu. Mama mmoja alimleta wake ndani ya kibweta cha kiberiti, mwingine kwenye kifuniko cha chupa. Walilalamika kuhusu paka, kuhusu sare ambazo hazifuliki tena bila kupotea, na kuhusu upepo. Mlinzi wa geti aliwataka wote wasaini kitabu cha wageni.

Fundi mwashi alimtoa binti yake kwenye mfuko wa shati, alimokuwa amekaa pamoja na penseli ya ujenzi. Alikuwa amekuja na tepu ya kupimia.

“Mwalimu, huyu alikuwa mita moja na robo. Nimempima mwenyewe kwenye fremu ya mlango. Leo pima uone.”

Mwalimu alipima. Ilikuwa sentimita moja nukta mbili tano.

“Nukta imehama hatua mbili kushoto,” alisema.

“Hilo nimeliona. Nauliza, inarudishwaje?”

“Jina lake likirudi kwenye orodha, Baba Nukta. Orodha inafungwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi.”

“Basi nakuachia wewe,” alisema fundi. Akamgeukia binti yake, ambaye alimwita mama kwa kuwa alirithi jina la bibi yake. “Mama, msikilize mwalimu. Usisogelee ukingo wa meza.”

Mwalimu alimwaga chaki zote za boksi moja kwenye droo, akatandika pamba chini ya boksi, na kuwaweka wote thelathini na wanane humo. Walienea vizuri. Boksi alilikalisha juu ya meza yake, wazi, likielekea ubaoni. Kwenye madawati sasa walikaa wawili wawili, wengine watatu watatu, na ilibidi kukiri kwamba darasa lilikuwa limepoa. Mwalimu mkuu alichungulia, akasema, “Umeona? Hata nafasi imepatikana.”

Kwa wiki tatu mwalimu aliwafundisha wa madawatini kwa sauti na wa boksini kwa kunong’ona, kwa kuwa sauti ya kawaida iliwaangusha. Alivunjavunja ncha za penseli wapate za kuandikia. Alikata karatasi za ukubwa wa ukucha. Zoezi la robo walilifanya kwa punje ya mchele, zoezi la asilimia kwa kijimraba cha daftari walichokigawa wao wenyewe mara mia, kazi ambayo mwalimu asingeiweza kwa macho yake. Na Nukta akaanza kupata. Kwa udogo ule, nukta ya desimali ilikuwa kitu cha kubebwa kwa mikono miwili, na kitu ulichokibeba kwa mikono miwili huwezi kukisahau. Wiki ya kwanza alipata sita kati ya kumi. Wiki ya pili tisa. Wiki ya tatu alipata zote, siku tano mfululizo, yeye peke yake boksini, na mwalimu alizisahihisha kwa kioo cha kukuzia alichoazima kwa fundi saa.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa tisa na nusu alasiri, mwalimu aliingia ofisini na karatasi hizo ndani ya bahasha. Fundi mwashi alisubiri nje kwenye benchi, na Nukta mfukoni. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, ukuta ameuacha nusu.

Mwalimu mkuu alimimina karatasi mezani, akaziangalia kwa muda. Hakuwa mtu mkatili. Ofisi ya elimu ilikuwa imemwandikia mara mbili kuhusu asilimia za shule yake, na barua ya pili haikuwa na salamu.

“Mwandiko hausomeki,” alisema.

“Unasomeka kwa kioo.”

“Wasahihishaji hawapewi vioo, Mwalimu.”

“Akirudi kwenye orodha atarudi na kimo chake. Ataandika kama wengine. Anafaulu huyu, mkuu. Nakuhakikishia.”

“Unanihakikishia kwa asilimia ngapi?”

Mwalimu alitaka kusema mia. Lakini alikuwa mwalimu wa hisabati, na mbele ya swali la hisabati mdomo wake haukujua kudanganya. “Tisini,” alisema. “Tisini na tano.”

Mwalimu mkuu aliisukuma orodha mpaka upande wa pili wa meza, akaweka kalamu juu yake. Chini ya jina la sitini na mbili kulikuwa na mstari mtupu.

“Andika mwenyewe, mimi sikuzuii. Ila nifanyie hesabu moja kwanza. Akiwemo, halafu akashindwa, shule inapata ngapi?”

“Asilimia tisini na nane nukta nne moja.”

“Na yule wa ofisi ya elimu anataka ngapi?”

Mwalimu alichukua kalamu.

“Halafu mbona unanitazama mimi kama mchawi?” alisema mwalimu mkuu kwa upole. “Hesabu hii ilitoka darasani kwako. Mtoto mwenyewe ndiye aliyeisema. Na ulimpa vema.”

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika nne. Mwalimu aliutazama ule mstari. Alifikiria barua isiyo na salamu ikija na jina lake, akafikiria watoto wake wawili, akafikiria tano iliyobaki kwenye tisini na tano. Ilikuwa ndogo sana ile tano. Angeweza kuiruka. Aliweka kalamu chini. Hakuna aliyemlazimisha, na hilo ndilo lililomkaa rohoni miaka yote iliyofuata.

Nje, fundi mwashi aliinuka kutoka kwenye benchi akiwa bado hajaambiwa.

“Basi mwakani?” aliuliza alipoambiwa.

“Asiye kwenye orodha harudii darasa.”

“Kwa hiyo atabaki hivi.”

“Atabaki hivi, Baba Nukta.”

Fundi alichungulia mfukoni. Alitoa penseli ya ujenzi, akaibana sikioni ili binti apate nafasi, halafu akafunga kifungo cha mfuko na kurudi kwenye ukuta wake. Mwalimu alibaki amesimama. Alitamani yule mtu angemtukana.

Shule ilipata asilimia mia. Kitambaa chenye maandishi kilitundikwa getini, na walimu wa shule jirani waliletwa kujifunza mbinu. Wazazi wengine waliwachukua watoto wao wakawapangia kazi ndogondogo, lakini fundi aliendelea kumleta Nukta kila asubuhi, kwa kuwa sare anayo na asubuhi hana wa kumwachia. Kila mwisho wa mwezi alimpima kwenye fremu ya mlango. Mtoto alikuwa anakua, fundi aliapa, ila mstari wa penseli ulikuwa mnene kuliko alichokua.

Darasa la saba jipya nalo lilikuwa na watoto mia na tatu, na mwalimu akachora manila nyingine, akaongeza miraba mitatu pembeni. Baada ya mtihani wa majaribio walipaka kijani. Alikuwa ameapa kwamba swali lile hataliuliza tena, na hakuliuliza. Mtoto mmoja wa safu ya tatu alinyoosha mkono bila kuulizwa.

“Mwalimu, tukiitoa ile myeupe, si inakuwa mia?”

Darasa likacheka. Mwalimu alikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Kutoka kwenye boksi la chaki, karibu na kifua chake, alisikia sauti ambayo hakuna mwingine aliyeisikia.

“Mwalimu,” alisema Nukta. “Usimpe vema.”

Hakumpa. Alifunika kalamu, akaiweka mezani. Dirishani mwalimu mkuu alikuwa ameshafika mraba mweupe wa ishirini na tisa, na kidole chake kilikuwa kinaendelea kuhesabu.