Sauti Inayopumzika Nyumbani

Kaka yangu ni mtangazaji wa redio, na sauti yake, jamani, si ya kuchezewa. Kila asubuhi huongea saa nne mfululizo na watu asiowajua, anawauliza wameamkaje, anacheka nao. Akifika nyumbani anaifunga. Anajizungushia skafu shingoni, kuwe na joto au baridi, kisha anaagiza kwa kidole: chumvi, taulo, rimoti. Wifi naye ananyata ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mwizi. "Shh, baba anapumzisha sauti."

Mtoto wao alifikisha miaka miwili na nusu bila neno hata moja. Kidole chake, lakini, kilikuwa fasaha ajabu.

"Nyumbani nani anaongea naye?" nesi wa kliniki aliuliza.

"Mimi ni mtangazaji," kaka akajibu.

"Sijauliza kazi yako, baba. Masikio yake ni mazima. Ongeeni naye, halafu mumrudishe baada ya miezi mitatu."

Kaka hakupoteza muda. Aliingia studio, akamrekodia mwanawe hadithi, na muziki juu yake, akamwachia spika sebuleni. Mtoto alisikiliza dakika mbili, akainyooshea spika kidole kuomba maji. Spika, kwa bahati mbaya, haikumpa.

Hapo nikapandwa na hasira. Nilikuwa pia na hofu, sifichi. Nikaomba niwe nashinda naye kwenye kibanda changu cha ushonaji, ambako wateja huniita Kasuku, na wala hawanisifu.

"Tunatia uzi," nilimwambia. "Lo! Umekatika! Nani kaukata? Wewe?"

Nikanyamaza, nikamsubiri. Akasema, "Aa."

"Hujaukata? Basi ni cherehani, mwongo mkubwa huyu."

Tuliendelea hivyo kutwa, siku baada ya siku. Mwezi wa pili akasema, "Uzi." Nililia juu ya gauni la mteja.

Mwezi wa tatu kaka alikuja kumchukua mapema. Alitukuta tunabishana vifungo vipi ni vyekundu, mtoto kapaza sauti kunishinda. Mtoto alipomwona baba yake mlangoni, akanifunika mdomo kwa kiganja.

"Shangazi, shh. Baba kaja."

Kaka akavua skafu, akakaa sakafuni kwenye vipande vya vitambaa, akaokota kifungo.

"Hiki je?" akauliza. "Chekundu?"

Mtoto alinitazama kwanza mimi. Nikamwitikia kwa kichwa kumruhusu.

"Bluu, baba."

Walibishana mpaka nikafunga kibanda. Kesho yake redioni sauti yake ilikuwa inakwaruza vibaya sana. Nikaiongeza.