Zamu ya Siku ya Tatu

Jumapili ya kwanza ya Julai, saa saba mchana, Mzee Uccio alibisha mlango wangu, nami nilikuwa ndani.

Alibisha mara tatu kwa kifundo cha kidole, kama kawaida yake. Nilikuwa nimekaa sakafuni jikoni, mgongo umeegemea jokofu, madirisha yote nimeyafunga. Nilizuia pumzi. Akabisha tena mara moja, taratibu. Kisha akasema, "Rasa, leo niko peke yangu." Akangoja. Nikasikia mfuko wa karatasi ukikwaruza kitasa. "Haya, mwanangu. Lala. Mkate nauacha hapa." Miguu yake ikashuka ngazi moja moja, zote kumi na nne, mpaka chini.

Ilikuwa siku yangu ya kupika. Tangu nilipohama Lithuania kuja huku Salento, kusini mwa Italia, miaka miwili na nusu iliyopita, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nilialika watu kwangu. Mimi si mtu wa maneno. Dukani kwa mchinja nyama nanyoosha kidole hata kwa kitu ambacho jina lake nalijua. Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, naifanya nyumbani, na siku nyingine jua huzama sijasikia sauti yangu mwenyewe. Lakini nikishika sufuria aibu hupungua. Mtu akiwa anatafuna haniulizi kitu, nami namtazama bila woga.

Mwanzoni walijaa. Walitaka kuona mgeni anakula nini. Niliwapikia supu ya kwetu, ya viazi vyekundu vya sukari, yaani bitiruti, na maziwa ya mgando, inayoliwa baridi wakati wa joto, rangi yake waridi iliyokolea. Mke wa mwenye duka la dawa aliitazama kama mtu aliyeletewa karatasi ya mahakama. Mzee Uccio, jirani yangu wa ghorofa ya chini, akachovya kijiko, akameza, akasema, "Hii ni rangi ya soksi za askofu. Ngoja nione kama na utamu ni wa kiaskofu." Akaomba bakuli la pili. Wenzake wakacheka, wakala.

Ila watu huchoka na kitu kipya. Mei walikuja watano. Juni nilipika cha watu wanane, akaja Mzee Uccio peke yake na mkate wake kwapani. Mkewe, Bi Cosima, hakuwa mtu wa kupanda ngazi. Magoti yake yalikuwa mabaya, na supu baridi hakuiamini. Mzee alitazama vile viti saba vitupu. Alipomaliza bakuli la kwanza akahamia kiti cha pili, akakunja uso, akavuta suruali juu ya kitambi. "Sasa mimi ndiye mwenye duka la dawa," alisema kwa sauti ya puani. "Rasa, hii supu inywewe kutwa mara mbili, na si kabla ya kulala." Akahamia kingine, akawa mke wa mwenye duka la dawa. Alizunguka meza yote hivyo, mpaka machozi ya kicheko yakanitoka. Alipoondoka nikalia machozi yale mengine.

Kwa hiyo mwezi wa Julai niliwatumia wote ujumbe kwamba siko vizuri, tuahirishe. Hakuna aliyeuliza naumwa nini. Mzee Uccio simu yake ilikuwa ya vibonye, hukaa kwenye droo pamoja na mishumaa. Nilipaswa kushuka kumwambia. Lakini Jumamosi niliwasikia wakigombana, yeye na Bi Cosima. Mzee alikuwa amewalisha tena paka wa uani kwenye ile sahani kubwa ya Pasaka. Nilisikia kabati likifungwa kwa nguvu, nikasikia, "Basi kaa na paka wako," kisha Bi Cosima akaondoka na begi kwenda kwa dada yake Gallipoli. Niliona haya kushuka kwenye nyumba niliyosikia siri yake kupitia sakafu. Nikasema nitashuka kesho asubuhi. Asubuhi nikasema nitashuka baadaye. Saa saba akabisha.

Jumatatu, kabla ya saa tatu asubuhi, Bi Cosima alirudi kutoka Gallipoli. Sauti aliyoitoa sitaieleza. Niliposhuka nilimkuta Mzee Uccio ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha la jikoni, viatu miguuni, kichwa kimeinama kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Daktari alisema ni moyo, na kwamba ilikuwa tangu jana yake jioni.

Nyumba ikajaa wanawake. Vincenza, dada wa marehemu, mwanamke mrefu anayetangulia hata pasipo na njia, alikwenda moja kwa moja kwenye jiko akafunga gesi.

"Hapa moto hauwashwi mpaka siku ya tatu ipite," alisema. "Hata kahawa. Kahawa nitaleta mimi."

Ndivyo ilivyo huku. Nyumba ya marehemu haipiki. Chakula hutoka nje, kwa zamu, nyumba moja kila siku, na wenyewe huuita mlo wa faraja. Si kila mtu hupewa zamu. Katika miaka hiyo miwili na nusu nilishazika nao watu wanne; mara zote nilibeba maua.

Pompilio kinyozi aliingia, kofia mkononi, akakaa karibu na Bi Cosima. "Mimi nilimwona jana," alisema. "Saa saba kasoro. Kapendeza, kanyoa, mkate kwapani. Nikamwambia, wapi hivyo, unakwenda kuposa? Akaniambia, nakwenda kula kwa Mlithuania."

Wote wakageuka kunitazama.

"Basi alikula kwako," Bi Cosima alisema.

Nilifungua mdomo.

"Alikula vizuri?"

Macho yake yalikuwa makavu na yamenishika kama mikono. Nikatikisa kichwa kukubali. Sikukusudia. Kichwa kilitikisika chenyewe.

"Afadhali," alisema. "Afadhali hakukaa na njaa."

Vincenza alianza kugawa zamu, akihesabu kwa vidole. "Leo ni mimi. Kesho ni Pompilio, ndugu wa ubatizo. Keshokutwa watapika majirani, kina Donata..."

"Keshokutwa ni Rasa," alisema Bi Cosima.

"Rasa yupi?"

"Rasa huyu."

"Cosima, huyu ni mgeni. Atatuletea ile supu ya dawa ya meno."

"Huyu ndiye aliyemlisha mwisho. Siku ya tatu ni yake."

Vincenza akakikunja kidole cha tatu bila kubisha, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nami nilisimama pale ukutani nimepewa kitu nilichokitamani kuliko chochote katika mji ule, na nilikuwa nimekiiba.

Jumanne tulizika. Nje ya kanisa watu walinishika mkono kwa namna mpya. Mchinja nyama, ambaye huwa ananiita "mrembo" kama anavyowaita wote, aliniita kwa jina. Mke wa mwenye duka la dawa alinivuta pembeni, akaninong'oneza, "Kumbe uliumwa na bado ukampikia mzee wa watu. Sisi tulikaa tu nyumbani. Una moyo, wewe." Nikasema si kitu. Uongo wangu wa kwanza ulikuwa wa kichwa, huu nilishautamka.

Nyumbani, mfuko wa karatasi ulikuwa bado juu ya meza, vilevile nilivyoutoa kwenye kitasa. Ndani mlikuwa na friselle nane, ule mkate mkavu wa duara uliookwa mara mbili, usiolika mpaka uloweshwe maji. Alikuwa akinunua nane kila mara: tatu zangu, tano zake.

Jumatano niliamka mapema nikapika. Nilipika kana kwamba mama yangu amesimama nyuma yangu: viazi vyekundu nikavichemsha na maganda yake, vikapoa, nikavikwangua, matango nikayakata madogo, mayai, majani ya bizari kutoka kopo langu la roshani, maziwa ya mgando lita tatu. Nikaimimina kwenye sufuria nyeupe ya mama, yenye kifuniko cha buluu, nikaiweka kwenye baridi mpaka saa sita. Nilijua kwamba nikiipeleka sufuria ile peke yake, nitaketi, nitashukuriwa, na mambo yataisha. Wangeniita tena kwenye misiba mingine. Ningezeeka pale.

Nikauchukua na ule mfuko.

Mezani walikuwepo Bi Cosima, Vincenza na Pompilio. Joto lilikuwa kali, na milo ya siku mbili zilizopita, mchuzi wa kuku wa Vincenza na tambi za kuoka za Pompilio, Bi Cosima hakuwa ameonja. Niliweka sufuria katikati. Nikaweka mfuko kando yake. Nikaficha mikono chini ya meza.

Bi Cosima aliutazama mfuko, kisha akaufungua. Akahesabu bila kuzitoa, kwa kuzigusa tu.

"Hizi ni za Jumapili," alisema. "Muhuri wa tanuri la mikate la Martano. Alizinunua Jumapili."

"Ndiyo."

"Zote zipo."

"Ndiyo."

"Mlikula supu bila mkate? Uccio?"

"Hatukula," nilisema. "Sikumfungulia mlango, Bi Cosima. Nilikuwa ndani. Alibisha, sikufungua."

Pompilio aliweka kijiko chini polepole, kisitoe sauti.

"Nilisema mimi," alisema Vincenza. "Nilisema huyu ni nani. Mtu amekufa na tumbo tupu, na huyu siku tatu anapokea pole kanisani kama mjane."

"Nyamaza, Vincenza."

"Kwa nini ninyamaze? Kaka yangu..."

"Hata mimi sikuwepo," alisema Bi Cosima. "Utaniambia nini mimi?"

Uani paka alikuwa analia. Bi Cosima aliendelea kuushika mfuko kwa mikono yote miwili.

"Kwa nini hukufungua?"

Nilitafuta sababu yenye uzito wa kutosha, sikuipata. "Niliona aibu. Wengine hawakuwa wakija tena. Niliona aibu kwamba angekuja yeye tu."

Alilifikiria neno hilo. Sidhani lilimwingia.

"Alisema kitu? Alipokuwa mlangoni."

"Alisema, haya, mwanangu, lala. Mkate nauacha hapa."

"Basi?"

Nilimwona kichwani mwangu akiwa kituo cha basi Gallipoli na begi lake, Jumatatu alfajiri, anarudi kusameheana. Nilimwona akiisikia ile sentensi nyingine, leo niko peke yangu, kila siku, anapoosha vyombo, anapotandika upande mmoja wa kitanda.

"Basi," nilisema.

"Hakunitaja mimi?"

"Hakukutaja."

Alivuta pumzi. "Akiwa na hasira hunitaja. Kwa jina langu lote, na la baba yangu. Hata akiongea na paka." Akanyanyuka kwa shida, akishika ukingo wa meza, akaenda kwenye sinki na friselle moja. Akaifungulia maji. Akailowesha kidogo, akageuza, akailowesha tena, maji yakamtiririka mpaka kiwikoni. "Yeye aliizamisha mpaka ikawa uji," alisema akiwa ametugeuzia mgongo. "Miaka arobaini na sita namwambia, Uccio, huo si mkate tena." Akaila pale pale, amesimama, bila mafuta, bila nyanya, bila chumvi. Ilikuwa mara ya kwanza kula tangu Jumatatu. Tulimsubiri wote watatu. Supu hakuigusa. Alipomaliza akajifuta mkono, akaifunika sufuria vizuri, kifuniko kikakaa sawa.

"Nenda sasa, Rasa," alisema.

Hakusema kwa ukali. Nilipanda ngazi zangu kumi na nne.

Jumapili ya kwanza ya Agosti sikualika mtu. Saa saba mchana mlango ulibishwa mara tatu, na nilikimbia miguu mitupu, nikagonga goti kwenye kiti, nikafungua. Sufuria ya mama ilikuwa mkekani. Bi Cosima alikuwa ameshaanza kushuka, mgongo ndani ya gauni jeusi la msiba, ngazi moja kisha pumziko, ngazi moja kisha pumziko. Sijui alipandaje.

"Bi Cosima."

Alisimama bila kugeuka. "Imeoshwa," alisema, akaendelea kushuka.

Katika mji huu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hata aliyekukasirikia hutia limau moja, au mayai mawili, au konzi ya chumvi. Nilitazama ndani. Ilikuwa imesuguliwa mpaka inang'aa, imefutwa, na haikuwa na kitu. Wala kifuniko hakikuwepo.

Sikushuka kukiulizia. Nilisema nitashuka kesho.

Siku nne baadaye nilitoka roshani kumwagilia bizari, nikainama. Uani, karibu na mlango wa jiko lao, kifuniko cha buluu cha mama yangu kilikuwa chini, kimegeuzwa, kimejaa maziwa na vipande vya mkate uliolowekwa mpaka ukawa uji. Paka watatu wa Mzee Uccio walikuwa wameinamisha vichwa wanakula. Bi Cosima alikuwa amekaa kwenye kiti kando yao, mikono mapajani.

Aliinua uso akaniona. Hakunipungia mkono, wala hakuondoka. Nilibaki pale na kopo la maji mkononi mpaka paka walipomaliza.