Sahihi Hukaa Chini

Nthambi aliudaka mkono wa Khavere kabla kidole hakijabonyeza kitufe.

"Usitume kabla hatujamaliza, mwanangu. Barua haitiwi sahihi katikati. Sahihi hukaa chini."

Khavere, mwenye saiba hiyo ndogo ya kompyuta mtaani Tassia, alisita. "Lakini mama, sehemu hii ya juu ina kitufe chake cha 'Tuma'."

"Na huko chini hakuna?"

"Chini kipo. Katikati pia kipo."

"Basi tumalize kwanza. Nimejaza fomu za kitambulisho, za shule za watoto wanne, na za kumzika mzee wangu. Zote sahihi ilikuwa chini."

Khavere hakubishana naye. Nani hubishana na mama wa umri ule, kavaa kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi? Ukurasa ulikuwa mmoja tu, mrefu: juu habari za mwombaji, katikati vyeti, chini habari za mlezi. Nthambi alisoma polepole kutoka kwenye daftari lake alimokuwa ameandika kila kitu kwa penseli, hadi jina la kata na namba ya sanduku la posta.

Mjukuu wake Mwelu alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono ameibana katikati ya magoti. Mwaka jana nafasi ya chuo cha uuguzi ilimpita akiwa hospitalini anamwogesha huyu huyu bibi yake, aliyekuwa amevunjika nyonga. Mwaka huu maombi yalikuwa yanafungwa leo, saa kumi na moja jioni. Nacho cheti cha shule kilikuwa kimefika kwa gari kutoka Kitui asubuhi hiyo.

Saa kumi na dakika thelathini na nane, Khavere akabonyeza kitufe cha chini kabisa.

Ukurasa ukapepesa. Kisha yakatokea maandishi ya kijani: Fomu ya mlezi imepokewa. Zilizopokewa: moja kati ya tatu. Huko juu visanduku vyote vilikuwa vyeupe, kama havijawahi kuguswa.

"Zimeenda wapi?" Mwelu aliuliza.

Aliyemjibu ni Luseno, kijana wa gorofa ya tatu ya jengo hilo, aliyekuwa akingoja kuchapisha barua za kazi. Alikuwa akitazama mpira kwenye simu, akamgeukia bibi.

"Shosh, hizo si fomu moja. Ni tatu. Zinaishi ploti moja tu kama wapangaji, kila mtu na mlango wake. Umebisha mlango mmoja, unataka wote wafungue?"

Mwelu alimgeukia bibi yake. Nthambi alihisi nyonga ikimuuma upya.

"Tujaze zote mbili haraka," Khavere alisema, vidole vimeshaanza kukimbia. "Nitabonyeza ya juu, halafu ya—"

"Ngoja."

"Mama, hakuna muda wa kungoja!"

"Ukijaza zote mbili, ukituma ya juu, ya katikati si itafutika tena?"

Vidole vya Khavere vikasimama.

Nthambi alikuwa amefanya kazi kwenye machinjio ya Kiamaiko miaka kumi na tisa, akisafisha vichwa na miguu ya mbuzi. Huko kila mteja mzigo wake ulifungwa kitambaa cha rangi yake na kupitishwa langoni peke yake. Aliyebeba mitatu kwa pamoja ili awahi, langoni aliandikiwa mmoja. Jambo hilo alilijua hata usingizini. Kwa nini hakulikumbuka nusu saa iliyopita?

"Mmoja, langoni, jibu," alisema. "Kisha mwingine. Andika: Mwelu Muasya. Tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu."

Sasa hakusoma polepole. Namba ya cheti cha kuzaliwa. Namba ya mtihani, tarakimu kumi na moja, akazirudia mara mbili. Tuma. Wakangoja. Mbili kati ya tatu. Saa kumi na dakika hamsini na moja.

Vyeti vilikuwa tayari kwenye kompyuta. Khavere akaviweka kimoja kimoja, akabonyeza kitufe cha katikati. Duara dogo likaanza kuzunguka. Likazunguka. Hamsini na tano. Hamsini na sita.

"Mtandao umelegea," Khavere alinong'ona.

Nthambi akageuka. "Wewe baba, hiyo simu yako inakunywa mtandao wa nani?"

"Wa hapa, shosh, lakini ni dakika za mwisho, tunasawazisha—"

"Luseno!" Khavere alifoka.

Kijana akaizima simu. Duara likazunguka mara mbili zaidi, likapotea. Tatu kati ya tatu. Chini yake, namba ya maombi. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika mbili.

Mwelu aliinama akafunika uso. Nthambi aliinakili namba kwa penseli, akaomba kalamu, akaipitia kwa wino. Ndipo akamtazama Khavere.

"Wewe ulikiona kile kitufe. Mimi ndiye nilikushika mkono."

"Yameisha, mama."

"Yameisha, lakini nimesema."

Alijaribu kuinuka, nyonga ikakataa. Mwelu akasimama mbele ya bibi yake, macho bado mekundu.

"Nipe mkono, susu. Si huo wa kushika watu. Huo mwingine."