Mpini wa Flashi wa Babu Leonsi

Babu yangu hana wazimu. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu mwezi wa sita mwaka huu nilikuwa mtu pekee katika ukoo mzima niliyelisema, na nililisema kwa sauti kubwa mpaka majirani wakaanza kuniangalia mimi badala yake.

Anaitwa Leonsi. Ana miaka themanini na tatu, na nusu ya watu waliooana Ufipa kabla ya simu za kamera walipigwa picha na yeye. Studio yake ipo Majengo, Sumbawanga, vyumba viwili. Cha mbele nimekishika mimi, mjukuu wake Victoria: napiga pasipoti saizi, natoa fotokopi, najazia watu fomu za mtandaoni. Cha nyuma analala yeye na kamera yake kubwa ya kukunja, aliyoachiwa na padri mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Macho yake yameingia mtoto wa jicho, anaona watu kama vivuli. Masikio, hata hivyo, ni mazima kuliko anavyostahili mzee wa umri wake, na huwezi kumsengenya hata ukiwa barabarani.

Tatizo lake ni moja tu, flashi. Kamera ile ilikuwa na flashi yake: bakuli la kung'aa la kurudisha mwanga, limekaa juu ya mpini wa chuma wenye kitufe chekundu, na ndani ya mpini zinaingia betri tatu kubwa za redio. Mpini huo ulipotea mwaka 1984, wiki ya harusi ya binti yake mkubwa, Rozina. Mchana kanisani Babu alipiga picha vizuri. Jioni kwenye sherehe hakupiga hata moja, giza lilimshinda. Tangu siku hiyo amemshuku Mzee Eustaki, fundi bomba, jirani yetu, kwa sababu wiki ile Eustaki alikuwa uani anaunga bomba.

Kwa miaka arobaini alimshuku kimyakimya, huku wakisalimiana na kutumiana maharage. Mwezi wa tano uvumilivu ukamwishia, akashika fimbo yake akaenda polisi. Askari wa zamu akamwuliza mali imeibwa lini. Babu akajibu mwaka themanini na nne, mshukiwa yupo, na mali yenyewe huenda iko ndani ya ukuta wa choo cha mshukiwa, imefanywa kiungo cha bomba. Askari alinipigia simu kwa adabu sana akaniomba nije nimchukue mzee.

Sijui habari zilipanda basi gani, ila zilifika Namanyere kabla sijafika kituoni. Shangazi Rozina, mjane wa Cleophas, anaishi huko, ni mwenyekiti wa jumuiya na wa kila kitu kingine kinachohitaji mwenyekiti. Akaitisha kikao. Hoja ilikuwa moja: "Baba amechanganyikiwa, ahamie Namanyere nimwangalie, chumba cha nyuma kifungwe." Baba yangu Gabriel, aliye Mpanda, alituma ujumbe kwamba atakaloamua dada ni sawa. Baba yangu hajawahi kumpinga dada yake tangu azaliwe. Kwa hiyo kikao kilikuwa mimi na Shangazi.

Mimi sikutaka Babu aende. Nimekula naye chakula cha mchana kila siku kwa miaka tisa, ananisimulia maharusi waliokimbia na mabwana waliozimia mbele ya padri, na nikifikiria kile chumba cha nyuma kikiwa kitupu nilikuwa nasikia kulia. Lakini kulia hakumshindi Shangazi. Nilihitaji shahidi.

Shahidi alijileta mwenyewe. Nilikuwa nimeweka mtandaoni picha ya ile kamera, na kijana mmoja wa Dar es Salaam akaniandikia. Jina lake Fabiani, kazi yake kutengeneza nakala za vifaa vya filamu. Alinieleza kwamba kuna filamu ya zamani ya watu wa angani, na silaha ya mkononi ya shujaa wake mafundi waliitengeneza kwa mpini wa flashi ya kamera, wakaongeza vikorokoro. Sasa duniani kuna watu wazima, wenye ndevu na kazi za ofisini, wanaotaka nakala ya silaha hiyo iliyo sawasawa hadi mikwaruzo. Fabiani amenunua vipande mitandaoni, hajui kipi cha kweli. Alitaka mtu aliyewahi kuishika flashi kwa mkono wake. Nikamwambia aje Jumamosi, saa nne asubuhi. Sikumwambia kwamba saa tano kuna kikao.

Alifika amevaa fulana, masikini, Sumbawanga mwezi wa sita. Nikampa sweta ya Babu. Akamwamkia mzee shikamoo, akafungua begi, akapanga vipande vitano juu ya kitanda. Babu akanyoosha kiganja.

Kipande cha kwanza alikigonga kwa ukucha mara moja. "Hili ni bomba la sinki."

"Babu, aliyeniuzia alisema limetoka Amerika."

"Hata masinki ya Amerika yana mabomba."

Cha pili kilikuwa pampu ya baiskeli iliyokatwa ncha zote mbili. Cha tatu kilikuwa tochi ya Kichina, na Babu alikirudisha bila maneno. Cha nne, kishikizo chenye kibano cha kukazia, alikipapasa kwa muda mrefu mpaka Fabiani akaacha kupumua. Akasema hiki ni cha kweli, ila cha kampuni nyingine, maana hawa kibano chao kilifungukia kushoto, na wapiga picha wote walikilaani. Fabiani alitaka kumbusu. Cha tano kilimpa mashaka. Akakigonga, akakinusa, kisha akatoa ulimi akakilamba kutoka chini hadi juu. Alinieleza baadaye kwamba mipini ya kweli ilikuwa shaba iliyopakwa kromu, na kromu ikichunika, shaba ina ladha yake ambayo haiigiki.

Ndipo Shangazi Rozina alipofungua mlango. Aliona baba yake mzazi ameketi kitandani analamba chuma, kijana asiyemjua amevaa sweta ya familia anaandika kwenye daftari, na mimi nimeshika bomba la sinki. Aliweka kikapu chake chini taratibu.

"Nimechelewa," akasema. "Hali imeshafika huku."

Nilijaribu kumweleza. Nikamwambia Babu ametambua vipande vinne bila kuona, kwa mikono tu, hakuna profesa anayeweza. Shangazi akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba ndivyo ugonjwa ulivyo: mtu anakumbuka ya zamani yote na kusahau ya jana. Nikamwuliza Babu jana tulikula nini. Akasema ugali wa ulezi na migebuka, na chumvi ilizidi. Shangazi akasema kumbe hata kumpikia simpikii vizuri. Hivyo ndivyo anavyobishana, na ndiyo maana ni mwenyekiti.

Tulipohamia chumba cha mbele, Mzee Eustaki naye akaingia, maana Shangazi alikuwa amemwalika. Amevaa koti la kanisani, amekuja kuombwa radhi, na akaketi kwenye stuli ya kupigia pasipoti huku ametazama mbele kama anapigwa picha.

"Tuanze kwa sala," akasema Shangazi.

Kwetu kikao hakifunguliwi hivihivi. Shangazi akatoa kikapuni kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe, akakifungua taratibu, akakisimamisha mezani, akachomeka mshumaa mnene na kuuwasha. Nilikuwa nimesikia habari za kinara hicho bila kukiona. Kule Namanyere kinapokezanwa nyumba kwa nyumba mwezi wa rozari. Wagonjwa hukiagiza. Upepo wa Ufipa unajulikana, unang'oa mabati, lakini watu huapa kwamba mshumaa ukiwa kwenye kinara cha Mwenyekiti Rozina hauzimiki.

Kwenye Salamu Maria ya pili nilihisi kiwiko cha Fabiani mbavuni.

"Dada," akanong'ona, "kile kinara kina kitufe chekundu."

Nikatazama. Kinara kilikuwa cha silinda, kinang'aa kama fedha, na ubavuni kilikuwa na kitufe chekundu kidogo. Sijawahi kuona mtakatifu anayehitaji kitufe. Mshumaa ulikuwa umezama ndani karibu wote, mahali pa betri tatu, moto ukijificha mdomoni mwa silinda, na ndiyo maana upepo haukuupata.

Ungekuwa wewe ungesema palepale. Lakini huwezi kumkatiza Shangazi Rozina katikati ya rozari, mimi simwogopi mtu ila hilo siliwezi. Nikasali Salamu Maria nane zilizobaki huku Fabiani ananikanyaga vidole vya mguu kwa msisimko. Sijui tulimwomba nani nini.

Fungu likaisha. Desturi ya jumuiya ya Shangazi ni kwamba baada ya hapo kinara kinapita mkono kwa mkono, na kila anayekishika anataja nia yake. Shangazi akashika akaombea akili za wazee. Mzee Eustaki akashika akaombea watu wanaosingiziwa wizi. Kisha akampa Babu.

Babu alikipokea kwa mikono miwili. Vidole vikajipanga vyenyewe, vinne upande huu, dole gumba juu ya kitufe. Hakutaja nia yoyote. Alikaa hivyo mpaka nta ikamdondokea mkononi, na hakushtuka.

"Rozina," akasema, "huu mpini umeupata wapi?"

"Mpini gani, Baba? Hiki ni kinara cha misheni. Mama alinipa kwenye sanduku langu la harusi."

"Chini nilichora herufi L kwa msumari. Na hapohapo chini panafunguka, ndani kuna springi."

Shangazi akasema hakifunguki, anacho miaka arobaini. Mzee Eustaki akasimama, akavua koti, akaomba maji ya moto na kitambaa. Nta ya miaka yote hiyo ilikuwa imeziba uzi wa mfuniko, lakini hapa palikuwa na fundi bomba. Akazungusha mara moja, mara mbili, mfuniko ukatoka, na springi ikaanguka mezani ikiwa imeota kutu ya kijani. Kwenye mfuniko kulikuwa na herufi L, imepinda. Fabiani akakaa chini sakafuni.

Babu akaanza kucheka, akacheka mpaka nikamshika bega.

"Lucia," akasema. "Marehemu mke wangu. Jamani, alinisaidia kuutafuta. Aliinua godoro. Alimwaga debe la ulezi aone kama umo."

Shangazi alikuwa amekaa, mkono kifuani. Akasema polepole kwamba ni kweli, Mama alimwambia kinara kimetoka misheni, na kwamba asikirudishe nyumba hii hata kwa kutembea mpaka yeye Mama atakapokuwa amefariki. Alidhani ni mambo ya baraka. Babu akamweleza ni mambo gani. Wakati ule kila Jumamosi alikuwa anaalikwa kupiga picha kwenye sherehe, kuanzia Laela hadi Kaengesa, na anarudi Jumapili jioni. Bibi alikuwa amemwomba apunguze. Bila flashi hakuna picha za usiku, na bila picha za usiku mume anakula chakula chake nyumbani.

"Na nilikaa nyumbani," Babu akasema. "Nilidhani ni kwa hiari yangu."

Hapo ndipo Shangazi alipoelewa jambo lingine, nililiona likimfikia usoni. Maisha yake yote amelalamika kwamba hana hata picha moja ya sherehe ya harusi yake. Flashi ilikuwa pale pale ukumbini, ndani ya sanduku la bibi harusi, chini ya vitenge.

Babu akamgeukia Eustaki, akamwomba radhi mbele ya watu wote, kwa jina lake la ubatizo, wakashikana mikono. Fabiani akaomba ruhusa kupima. Hakutaka kuuchukua mpini, alitaka vipimo na umbo tu, na Shangazi alimsimamia muda wote asije akaukwaruza, akimkumbusha kwamba kitu kimesaliwa.

Na mimi nikasimama. Nilikuwa nimeshinda, na nilitaka iandikwe. Nikasema sasa imeonekana wazi nani amechanganyikiwa na nani hajachanganyikiwa, kwa hiyo Babu haendi popote, na kikao kifungwe.

"Sawa," akasema Shangazi. "Hana wazimu." Akachukua kitambaa cheupe akaanza kukikunja, kisha akashindwa kukikunja. "Tangu Cleophas afariki napika sufuria ileile. Sijui kupika kidogo. Nakula, kinachobaki nampa mbwa. Jioni nawasha redio ili pawe na mtu anaongea."

Sijawahi kumwona Shangazi Rozina analia. Alilia vibaya, kama mtu asiye na mazoezi.

"Si ungesema," Babu akamwambia.

"Ningesemaje, Baba? Mimi ndiye ninayewaambia wajane wenzangu wajikaze."

Nilimjua Babu, nikajua anachofikiria. Akaniita. Akasema, "Vicky, hapa kwako watu wanaingia kutwa. Mwenzio ana mbwa tu." Akasema hapelekwi kama mgonjwa, anakwenda mwenyewe kwa akili zake timamu, na Mzee Eustaki ni shahidi. Mzee Eustaki akasema ndiyo, ni shahidi.

Nilikasirika sana. Niliwakasirikia wote, pamoja na Bibi Lucia huko aliko. Hata hivyo basi la Namanyere lilikuwa linaondoka mchana, na mzee yule hajui kupanga nguo. Nikaenda chumba cha nyuma, nikatoa mashati yake yote nikayakunja, na kwa hasira ile niliyakunja vizuri kuliko nilivyowahi kukunja nguo ya mtu yeyote.