Mfuko wa Samaki wa Ukweni

Michée alikuwa ameinama kwenye kibanda cha Jeannot, soko la mtaa wa Kenya, Lubumbashi, kichwa chote kimezama ndani ya mfuko, anaupapasa kona kwa kona. Wapita njia walikuwa wanamcheka. Wacha wamcheke! Mtu ambaye mke wake amerudi kwa baba yake tangu Pasaka, na sasa ni Oktoba, hana nafasi ya kuona haya.

"Papa, ule mufuko haiko ya kulala," Jeannot akamwambia. "Toka mule, tusemezane."

Jeannot huuza vitu vilivyotumika kutoka Ulaya: baiskeli, majiko, chupa za chai, na siku hiyo mifuko mitatu ya kutunza baridi, ile yenye kitambaa kinene nje na karatasi inayong'aa ndani. Michée alitaka mmoja tu, lakini usije ukamwangusha. Alikuwa anakwenda Pweto, avue samaki kwenye ziwa Mweru, amrudishe Lubumbashi akiwa mbichi kama alivyotoka majini. Na joto la Oktoba unalijua. Barabara ya Pweto, hiyo hata usiiulize.

"Si ubebe samaki ya frigo hapa hapa soko?" Jeannot akauliza. "Ndani ya mafuta na tomati, nani atajua?"

"Baba mukwe atajua. Ataangalia macho ya samaki."

Ndiyo, ilikuwa habari ya ukweni. Michée na Wivine walikuwa na mtoto mmoja, Exaucée, na Exaucée alikufa kwa malaria kabla hajaanza shule. Kilioni, watu wamejaa uani, tantine Kapinga, dada wa baba yake Michée, alisimama akamnyooshea Wivine kidole. Mama gani huyu, akasema, mtoto anachemka homa na yeye anatafuta biashara sokoni? Uongo mtupu! Wivine alikuwa amembeba mtoto mgongoni tangu jioni, anaomba waende hospitali, na aliyesema wangoje kupambazuke alikuwa Michée mwenyewe. Wivine aligeuka akamtazama mumewe, akamngoja aseme. Michée akaangalia viatu vyake. Kilio kilipokwisha, Wivine alifunga nguo zake akaenda kwa baba yake, mtaa wa Kamalondo, na wala hakupiga kelele.

Tumwiteje mtu wa namna hiyo? Mwoga, hana jina lingine. Lakini mwoga naye hupenda, na Michée alikuwa anakwisha. Karakana yake ya kuchomelea vyuma ilikuwa imejaa milango ya watu ambayo hakuimaliza. Alikuwa anakula ugali wa bukari baridi amesimama. Alikuwa ametuma watu, ametuma padri, amekwenda mwenyewe akasimama nje ya geti mpaka mvua ikamlowesha. Hapana, hapana, hapana. Halafu ghafla baba mkwe, mzee Alphonse, mstaafu wa reli, akatuma neno.

Ukoo wa Alphonse ulitoka Pweto, pembeni mwa ziwa, kabla babu yao hajaletwa huku na kazi ya reli, na jambo hili walikuja nalo. Mume aliyeachwa huleta samaki wa ziwa la kwao, aliyevutwa kwa mikono yake mwenyewe, mbichi, mzima, na matumbo yake ndani. Mke hupewa kisu mbele ya koo zote mbili. Akimpasua samaki, amekubali, na jioni ile anarudi na mumewe. Akiweka kisu chini, yamekwisha, na mume asikanyage tena pale. Kuja na samaki aliyeoza ni kama kumtukana mke na mama yake pamoja. Jumamosi, Alphonse alisema. Hakuna Jumamosi nyingine.

Sasa unaelewa kwa nini alikuwa anaingiza kichwa mfukoni. Samaki mwenye matumbo huharibika upesi, kila mvuvi anajua, na matumbo kuyatoa haruhusiwi.

Mfuko wa kwanza ulikuwa wa maua, wa kubebea chakula cha watoto. Aliuminya kwa vidole viwili vikakutana. Huo akautupa pembeni. Wa pili ulikuwa mnene kama godoro, mishono yake imeyeyushwa ikashikana, na Michée, mtu wa kuchomelea, aliupenda kwa macho. Ulikuwa na kizibo chini cha kutoa maji. Jeannot alikuwa ameweka barafu humo tangu jana yake, na bado ilikuwa inagongana ikitikiswa.

"Huyu njo mwenyewe," Jeannot akasema. "Unashika ata siku tatu."

Lakini ulikuwa mfupi. Michée alipima kwa mkono wake, kiwiko mpaka ncha ya kidole. Samaki mkubwa angekunjwa mkia humo, na samaki wa kukunjwa si samaki wa kupeleka kwa mkwe. Wa tatu ulikuwa mrefu, samaki analala amenyooka kama mtu kitandani, zipu nzima, kizibo kipo. Ila kuta zake zilikuwa nyembamba kuliko za wa pili.

"Ule murefu unashika mpaka wapi?"

"Siku moja na usiku. Ukiufunguafungua, hata hiyo hapana." Jeannot akamkazia macho. "Papa, beba huu munene. Samaki ya kidogo haiko zambi."

Michée alisimama kati ya mifuko miwili, jasho linamtoka. Akapiga hesabu ya njia: kutoka Pweto alfajiri, Kasenga kulala na kuongeza barafu, Lubumbashi mchana wa kesho yake. Siku moja na usiku. Akipeleka samaki mdogo watasema ameleta kitoweo cha paka. Akachukua ule mrefu. Alitembea nao hadi nyumbani ameukumbatia kifuani.

Ziwani wavuvi walimwonea huruma. Walimpakia mtumbwini, wakamwacha avute wavu mpaka viganja vikapasuka, na Mungu si Athumani, akatoka na samaki mmoja mnono, mpumbu, magamba yanameta, urefu kama mkono wa mtu mzima. Michée alilia palepale mbele ya wanaume. Akanunua vifuko vya barafu kwa mama mmoja mwenye frigo ya umeme wa jua, akavipanga chini, juu, ubavuni, akafunga zipu, akaifunga tena kwa kamba.

Njiani hakulala. Gari lilipokwama mchangani alikaa juu ya mzigo akiutilia kivuli mfuko kwa shati lake. Kwenye kizuizi askari alitaka ufunguliwe, na Michée alipiga magoti, kweli, magoti, akamwambia, "Chef, muke wangu iko mule." Askari alimtazama vile alivyokuwa, kifua wazi, macho mekundu, akamwambia apite. Kasenga alifungua kizibo akatoa maji, akaongeza barafu kwa haraka, akafunga. Jumamosi mchana jua likiwa kali aliingia Kamalondo juu ya pikipiki, mfuko mapajani. Akaweka kiganja juu ya kitambaa. Baridi bado ilikuwepo, kidogo.

Watu wake walikuwa wanamngoja kwenye kona: tantine Kapinga na kitenge kipya, na tonton Antoine, mjomba wake, mwalimu mstaafu, ndiye msemaji. Maana ukweni kwa Alphonse mkwe hafungui kinywa. Anakaa kwenye kigoda, kichwa chini, na akisema neno amewavunjia heshima wote waliomo. Anayesema ni msemaji wake.

"Tonton, nakulomba," Michée akamnong'oneza. "Leo maneno mafupi. Samaki haitangoja."

Antoine akakasirika. "Kwa mukwe habaendake na maneno mafupi! Batasema tunabazarau. Weye ikala, leka bakubwa batumike." Yaani akae, awaachie wakubwa kazi yao.

Hapo ndipo Michée alipojua kosa lake. Alipima barabara yote, jua, mchanga, vizuizi. Hakupima mazungumzo! Mtu aliyezaliwa na watu wa Kasai, wenye hotuba ndefu, aliyelelewa na Antoine, akasahau kwamba wajomba wakikutana maneno hayana breki.

Ndani kulikuwa na joto la bati. Mfuko uliwekwa katikati ya sebule, na haufunguliwi mpaka wasemaji wamalizane. Wivine alikaa ng'ambo karibu na mama yake, amepungua, nguo nyeusi bado mwilini, kisu kwenye sahani mbele yake. Michée alimwona mara moja tu akashusha macho. Alitamani kumkimbilia.

Wakasali. Wakasali sala nyingine. Antoine akasimama, akaanza na habari za baba yake Michée, jinsi alivyofika na treni akiwa na sanduku la mbao. Akapita kwa babu. Akapita kwa padri aliyembatiza babu. Paulin, ndugu mdogo wa Alphonse na msemaji wao, hakukubali kushindwa, naye akasimama akatoa babu zake, na ziwa, na mtumbwi, na reli yote stesheni kwa stesheni. Watu wakapiga makofi. Antoine akajibu. Ee Mungu wangu, akajibu kwa kusimama!

Michée alikuwa anaangalia kizibo. Tone likatoka. Likatoka jingine. Maji yakafanya mstari mwembamba juu ya saruji, yakielekea viatu vya Alphonse. Akanusa. Alinusa harufu, au ilikuwa hofu yake, hakujua tena. Akaona inzi akitua kwenye zipu.

Ndipo Paulin akapunguza sauti. Akasema kabla ya kisu kuna jambo moja la kuondolewa. Kilioni binti yao alitukanwa, akaitwa muuaji wa mtoto wake. Kwa jambo hilo moja, akasema, hata mkwe amefunguliwa kinywa. Mwenye neno juu ya kifo kile alitoe leo hapa, lisirudi nyumbani na hawa wawili. Akanyamaza. Kapinga akakohoa akapanga kitenge chake. Wivine aliinua uso akamtazama mumewe, kama alivyomtazama siku ile.

Michée alikuwa anahesabu matone.

"Yale ilikuwa maneno ya kilio," Antoine akadakia, "machungu inasemesha bantu. Tuiache. Sasa, kuhusu ndugu zetu wa Mbuji-Mayi..."

"Inatosha!"

Michée alikuwa amesimama. Hakujua amesimamaje. Kigoda kilianguka nyuma yake. "Samaki inaoza! Hamuoni? Munasema, munasema, na samaki inaoza! Nimevuta ile wavu mikono ikapasuka, nimepigia askari magoti, sikulala, na mwiye munasema ya treni! Fungueni ule mufuko! Fungueni! Ikioza nitampoteza muke wangu!"

Alikuwa anapiga kelele kama mwendawazimu, machozi na kamasi pamoja. Antoine akajishika kichwa. Alphonse akaanza kuinuka, uso umemkunjamana. Lakini Wivine alikuwa ameshainuka kabla yake, na kisu mkononi.

Akapiga magoti kwenye maji. Akakata kamba, akavuta zipu polepole, akaondoa vifuko vya barafu vilivyobaki vipande vipande. Samaki alikuwa amelala amenyooka. Wivine akabonyeza ubavu wake, nyama ikarudi. Akafunua mashavu, yalikuwa mekundu. Macho yalikuwa angavu, yametokeza, hayana ukungu hata kidogo.

"Samaki iko muzuri," akasema.

Michée akatoa pumzi yote. Mfuko ulishika! Mfuko ule mwembamba ulishika! Akacheka huku analia, akamsogelea, akanyoosha mikono yenye vidonda amwonyeshe.

"Iko muzuri sana," Wivine akasema tena, na sauti yake ilikuwa ya upole, hiyo ndiyo mbaya. "Umeichunga vizuri, Michée. Kwa samaki ulisimama. Kwa samaki ulilalamika mbele ya bantu bote." Akakitazama kisu. "Sasa hivi papa Paulin aliuliza juu ya Exaucée. Alikufungua kinywa. Nilikuangalia."

Akaweka kisu chini, sakafuni, pembeni mwa mfuko. Akakiweka bila kishindo, kama mtu anayeweka kijiko baada ya kula. Mama yake akaanza kulia. Wivine akajipangusa mikono kwenye nguo nyeusi, akapita katikati ya wajomba, akaingia chumbani, akafunga mlango.

"Ni miye!" Michée akasema.

Alphonse akamwonyesha kwa mkono njia ya nje. Michée hakuuona mkono ule. Alikuwa ameugeukia mlango wa chumba.

"Ni miye nilisema tungoje asubuhi. Wivine alitaka tuende, miye nikakatala. Tantine Kapinga, sikia, ni miye. Bote musikie, ni miye."

Kapinga akaangalia chini. Nje watoto walikuwa wameacha kucheza, wanachungulia dirishani. Michée akasema tena, kwa nguvu zaidi, mdomo karibu na ubao wa mlango, akitaja jina la mtoto. Akasema mara ya tatu, mpaka sauti ikakauka, na ndani hakukusikika hata mtikisiko wa kitanda.