Jino Chini ya Mti wa Barney

Daktari Pascoe haogopi nyoka. Wiki aliyofika shambani kwetu kuchimba mifupa, alimkuta nyoka wa kahawia ndani ya kiatu chake, akamtoa kwa fimbo huku anatafuna mkate. Yule simba wa kale wa nchi hii anayemtafuta, aliyebeba watoto kwenye mfuko tumboni na kukata mifupa ya kangaruu kwa meno ya shavuni, humsimulia kama jirani aliyehama juzi. Anachoogopa ni Barney.

Barney ni ndege mweusi mwenye mgongo mweupe, saizi ya kunguru. Jike lake likiatamia, yeye hulinda mti wao pale ukingoni mwa kijito, na apitaye chini hudonolewa kisogo. Mleta barua siku hizi anatutupia barua getini bila kusimamisha gari.

Mimi hanigusi. Nilipotolewa shule darasa la tano kumsaidia mama kupikia wakata manyoya ya kondoo, nilianza kumtupia vipande vya nyama mlangoni mwa jiko. Ndege hawa wakishaijua sura yako hawaisahau.

Ndiyo maana ni mimi niliyeliona jino, limetokeza kwenye udongo wa ukingo chini ya mti wake. Refu kama kidole, lina makali ya patasi, na bado limeshikana na taya. Niliulamba ule mfupa, kama wanavyofanya wachimbaji wa Daktari. Jiwe huteleza ulimini, mfupa wa kale hunata. Ulinata. Nikanyamaza siku nne, kwa kuogopa kuchekwa.

Siku ya tano Mjomba Clarrie akasema mvua kubwa imenyesha huko juu kijito kinakotoka. Maji yatafika kabla ya jioni na ukingo utabomoka. Wachimbaji wakaanza kufunga mizigo. Niliweka chai mezani, nikasema huku naangalia birika.

"Kuna jino. Chini ya mti wa Barney."

"Huyu hajasema neno tangu Krismasi," Mjomba akacheka, "na akisema anataka kutuua!"

Daktari alivaa kichwani kopo la aiskrimu lililochorwa macho kwa nyuma, kama wanavyofanya watu wote huku msimu wa ndege hawa, ili ndege adhani anatazamwa. Barney akamshukia, ko! ko! ko! Daktari akarudi mbio. Akajaribu tena, akarudi tena.

"Daktari, huyo hafiki hata uzito wa mkate!" Mjomba alipiga kelele kutoka garini.

"Njoo wewe basi, Clarrie!"

"Mimi nina familia!"

Maji yalianza kusikika kwa mbali. Nikamsogelea Daktari.

"Vua kopo," nikasema.

"Nivue? Keely, nimekuja na kichwa kimoja tu."

"Haoni uso wako. Vua, nishike mkono, umtazame. Usikimbie."

Sikuwahi kumwamuru mtu, sembuse daktari. Alivua. Barney alishuka tawi moja, akamtazama yeye, akanitazama mimi, akagonga mdomo wake. Hakuruka. Tukapita.

Daktari alipiga magoti akalamba. Alibaki hivyo, ulimi nje, mpaka nikadhani amekwama.

"Ni yeye," akanong'ona. "Simba wetu."

Tukaufunika mfupa kwa karatasi iliyoloweshwa na vitambaa vya plasta, ile ya kufungia mguu uliovunjika, tukaukata pamoja na udongo wake. Maji yalikuwa yameshafika kwenye viatu. Bonge lilikuwa zito, tukamwita Mjomba. Alikuja anakimbia huku ameinamisha kichwa, na Barney, ambaye sura hiyo hakuiona, alimdonoa katikati ya kipara.

Juu garini, ukingo ukiporomoka nyuma yetu, Daktari alitoa kalamu.

"Jina la aliyeupata huandikwa juu ya plasta. Keely nani?"

"Keely Trewin," nikasema, na safari hii hakuna aliyeniuliza nimesemaje.

"Na mimi niandike," Mjomba akasema, ameshika kipara. "Mwenzenu nimetoa damu."